Kibanio cha Jibwa

Mashine ilipiga kelele, na mstari wa mapigo ukalala. Mikono ya shangazi, daktari wa mifugo, ikaganda juu ya kijibwa tuliyekuwa tukimfunga kizazi, mdogo kuliko paka.

"Ameondoka?" akaniuliza.

Nikapenyeza vidole viwili upande wa ndani wa paja la kijibwa, nikitafuta mapigo. Moyo wa jibwa tulilolipasua kabla yake ulitembea kama mtu aliyeshiba. Wa huyu ulikuwa unakimbia kama cherehani.

Ndipo nikauona ulimi wake, mwembamba kama jani, umechomoka kwenye kibanio cha mashine kinachosoma mapigo. Nilikuwa nimesahau kukibadilisha, kilikuwa bado kile kikubwa cha jibwa.

"Yupo, shangazi. Mashine inamtafuta yule mkubwa."

Akacheka ndani ya barakoa. "Basi huo mguu usiuachie."

Sikuuachia mpaka uliponipiga teke.