Ringi Pana

Ringi mbili zilikuwa zinaning'inia shingoni mwa Luhaga, na mwenyewe alikuwa anacheza. Fundi baiskeli mzima, mchana kweupe, katikati ya Igoma, anakata kiuno kwa sababu ya vyuma! Waliomfahamu hawakushangaa. Jumapili ilikuwa inakaribia, na Jumapili ndiyo siku ya mawe.

Mawe yenyewe yako Kiseke. Waendeshaji wawili huanzia pande mbili, kila mmoja akiruka na baiskeli yake jiwe hadi jiwe, mpaka wakutane juu ya jiwe bapa la katikati. Hapo husimama juu ya baiskeli, wakitazamana. Wa kwanza kugusa chini kwa mguu ameshindwa. Luhaga alikuwa hajagusa kwa miaka mitatu, na wala hakuwa mtu wa kuificha habari hiyo.

"Sasa ipi utaifunga mbele?" aliuliza mchumba wake, Tereza, akiwa kwenye kigoda na mbavu hana.

"Hapo ndipo penye kazi." Luhaga alizivua ringi, akazipima kwa mikono. "Hii nyembamba ni nyepesi. Nikinyanyua mbele, baiskeli inapaa. Hii pana nimeitoa kwenye baiskeli ya mtumba, Igoma nzima hakuna nyingine. Unapunguza upepo, tairi linalala, linashika jiwe. Ila nzito."

"Na mtu akitaka kusimama tu? Hata akiachia usukani mkono mmoja?"

"Basi pana. Na hiyo unaweza kumenya chungwa huku umesimama."

Tereza aliinuka kwenye kigoda. "Nipe hiyo. Kuna mtu nyumbani anaitaka."

Luhaga alicheka mpaka akajishika tumbo. Kumbe mpinzani wake wa Jumapili ni Mayala, kaka yake Tereza! Mayala ambaye hata kwenye barabara ya lami huanguka!

"Mimi sijataja jina la mtu," alisema Tereza.

Luhaga alijua mambo yameanzia wapi. Posa yake ilikuwa imeshapokelewa, lakini mama yake Tereza, Ng'washi, alikuwa ameleta neno: hataki binti yake awe mjane kwa sababu ya mawe. Mkwe aache mchezo, ndipo arusi ipangiwe siku. Luhaga akajibu kwa kiburi chake kwamba ataacha siku atakayoshindwa. Jibu likarudi siku hiyo hiyo: sawa, tutaleta mtu. Mkwe akishinda, aoe na mawe yake aendelee nayo. Akishindwa, aiweke chini baiskeli.

Maneno yote hayo yalipita kinywani mwa Tereza, maana kwao mkwe hasimami mahali pamoja na mama mkwe. Akimwona njiani, anampisha na kujificha. Na kwa adabu hiyo Luhaga alikuwa amepitiliza. Mwezi uliopita, pale sokoni Buswelu, aliuona mwavuli mwekundu kama wa mama mkwe. Aliruka kutoka kwenye baiskeli ikiwa bado inakwenda, akatumbukia mtaroni, akajifunika uso kwa shati. Mwavuli ukapita. Kumbe ulikuwa wa muuza vitumbua. Buswelu ilicheka wiki nzima, na kicheko hicho hakikukosa kufika nyumbani kwa kina Tereza.

"Mpelekee," alisema Luhaga, akimkabidhi ringi pana. Alimpenda Tereza kiasi kwamba angemwomba hata paa la banda angelipanda kulibandua. "Asije akasema nilimnyima. Na mama, hajambo?"

"Hajambo. Goti tu limechubuka. Amekuletea dagaa, amewatoa Kayenze asubuhi hii."

"Asubuhi hii? Gari la Kayenze si hufika jioni?"

"Mama hasubiri gari," alisema Tereza, akaondoka na ringi yake begani.

Jumapili watu walitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye mawe, na nguo zao nzuri. Wauza soda walikuwepo, redio kubwa ilikuwepo, kelele zilikuwa za kumwaga. Upande wa pili alitokea mpinzani, helmeti ya pikipiki kichwani, kioo cheusi kimeshushwa. Ovaroli ilikuwa ya Mayala. Luhaga aliijua kwa rangi ya mitumbwi iliyomwagika mgongoni.

Filimbi ikalia. Luhaga alipaa. Jiwe la kwanza, la pili, la tano, ringi nyembamba ikinyanyuka kama alivyotaka, na moyo wake ukicheka nayo. Lakini upande wa pili mambo hayakuwa ya Mayala hata kidogo. Helmeti ile ilikuja polepole, bila haraka, bila kosa, mtu aliyezoea njia mbaya na mzigo mzito. Wakafika jiwe bapa pamoja. Wakasimama.

"Shemeji, nani amekufundisha?" aliuliza Luhaga akihema.

Dakika ikapita, na nyingine. Ringi nyembamba ilianza kutetemeka, lakini Luhaga aliibana, akaituliza, akatabasamu. Angeweza kukaa hapo mpaka magharibi. Arusi aliiona, na mawe yake aliyaona, vyote viwili.

Mpinzani aliachia usukani mkono mmoja. Ringi pana haikutikisika. Taratibu alifungua mkanda wa kidevuni, akavua helmeti.

Luhaga aliruka. Miguu yote miwili ilitua juu ya jiwe, baiskeli ikaanguka upande wake, naye akapotelea nyuma ya mwamba, shati limefunika uso.

"Tereza," alisema mama Ng'washi, akiwa bado juu ya baiskeli, "mwambie mkwe wangu arusi ni mwezi wa saba."

Nyuma ya mwamba sauti ndogo ikasikika:

"Tereza, mwambie shikamoo."