Tarakimu Sita za Kwanza

Siku hizi barua ya posa haifunguliwi kabla ya kusomwa tarakimu sita za kwanza za kadi ya mchumba, zilizoandikwa juu ya bahasha. Tarakimu hizo humtaja aliyeitoa kadi, na aliyeitoa ndiye anayeamua mwenye kadi aishi wapi na auguzwe na nani.

Bi Mwanakheri, shangazi wa binti anayeposwa, Zulekha, alizitafuta za huyu mchumba kwenye orodha ya serikali. Hazimo. Akapekua daftari la kungwi wa mtaa, ambamo wanawake wameandika kadi za waume zao miaka nenda miaka rudi. Humo pia hazimo.

"Wifi, hatuozi mtu asiyejulikana ni wa nani," alimwambia mama yake Zulekha. "Tuwarudishie barua yao."

Mama mtu aliingia chumbani, akatoka na kadi ya bintiye.

"Imeletwa mpya leo asubuhi. Hatukuiomba."

Bi Mwanakheri alizisoma tarakimu sita za kwanza, akazilinganisha na za kwenye bahasha. Ni zilezile.

Sebuleni washenga walikuwa wakinywa kahawa polepole, kama watu ambao hawakuja kuuliza.