Jiwe Lisilolia

Mama Pacha alitundika jiwe jipya la mashine ya kunolea kwenye kidole, akaligonga kwa mpini wa bisibisi kama Fundi, mwalimu wao, alivyowafundisha. Jiwe zima hulia kama kengele; bovu hupasuka mashine ikiwashwa, vipande vikaruka. Hili lilijibu "ko", kama ubao.

"Fundi, hili halilii."

Wanafunzi wenzake wakacheka. Fundi, aliyesaga vyuma miaka thelathini, akaligonga, akatega sikio.

"Ni zima. Lifunge, uwashe."

Mama Pacha alimheshimu Fundi kama mkwe. Lakini nyumbani pacha wake walimngoja arudi na uso uleule walioagana nao asubuhi. Akaficha mikono mgongoni.

"Heshima yako iko palepale, Fundi. Ila siwashi."

Fundi akalipeleka jiwe dirishani, akaligeuzageuza juani. Ufa mwembamba kama unywele ulianzia kwenye tundu la katikati ukaishia ukingoni. Akaupitishia ukucha, polepole, mara mbili.

"Kumbe masikio yangu yameshaliwa na hizi mashine," akasema. Kisha akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Akachukua nyundo, akalivunja jiwe lile mtu asije akalifunga.

"Sikilizeni, wanangu. Kuanzia leo, hakuna jiwe litakalofungwa kabla Mama Pacha hajalisikiliza. Hata langu."

Wale waliomcheka walikuwa wa kwanza kupanga foleni, kila mmoja na jiwe lake mkononi.