Penseli ya Sikioni

"Kitanda au kabati, mama?" aliuliza Fundi Haruni, mwenye karakana.

"Useremala," alijibu Bi Kazija. "Nimekuja kujifunza."

Mafundi walicheka hadi misumeno ikasimama. Haruni akamtupia ufagio. Bi Kazija alifagia maranda yote, akauegemeza ufagio ukutani, akaja kusimama kwenye meza ya kazi.

"Hapa kwetu mwanafunzi hupachika penseli sikioni tangu siku ya kwanza," Haruni alisema. "Wewe na ushungi huo, utaipachika wapi?"

Bi Kazija aliichomoa penseli ya Haruni sikioni mwake, akaichomeka kwenye ushungi, juu ya paji la uso, ikasimama kama pembe. Akavuta ubao.

"Haya, fundi. Tukate wapi?"

Kwa mazoea, Haruni alipeleka mkono sikioni.