Swali la Mwisho kwenye Fomu

Odilia alikuwa amechoka hata kuona haya. Mwaka mzima amelima shamba la ujamaa hapa Gitting, tangu chuo kilipomrudisha nyumbani kwa sababu alitia sahihi barua ya kumtetea mwanafunzi mwenzake. Sasa chuo kimeleta fomu. Mwenyekiti wa kijiji akijaza kwenye swali la mwisho kwamba Odilia amekiri kosa lake, atarudi darasani.

"Shikamoo, mzee. Naomba uandike tu kwamba nimekiri. Nimechoka."

"Marahaba. Kaa kwanza, mwalimu."

Mwenyekiti alimwita mwalimu kwa sababu Odilia ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika, kwenye darasa la watu wazima. Leo mzee alikataa kuandikiwa na katibu. Alilowesha penseli kwa ulimi, akaikamata kama mpini wa jembe, akaandika mpaka pua ikatoka jasho.

Kisha akamgeuzia karatasi. Herufi zilikuwa kubwa, zimepanda mlima: ODILIA HANA KOSA.

Ufutio ulikuwa pale mezani.

"Nimepata, mwalimu?"

Odilia aliutazama ufutio kwa muda. Halafu akachukua penseli, akamwekea alama ya vema.