Kamshafti Inayovuta Mapema

Fundi Ambakisye alilaza juu ya gunia kamshafti mbili mpya, vyuma vinavyofungua na kufunga vali za injini.

"Hii itakupa mbio kwenye tambarare," alimwambia Lusajo, dereva wa lori la dizeli lililoongezewa turbo. "Hii nyingine inavuta mapema, injini ikiwa bado inazunguka taratibu. Chagua."

Lusajo alipenda mbio, na mji mzima ulijua. Lakini majuzi lori lilikosa nguvu mlimani, likarudi nyuma na mbao zake mpaka ukingo ukalizuia. Mkewe, Atupele, alikuwa ndani. Tangu hapo hakupanda tena lori hilo.

"Funga inayovuta mapema," alisema Lusajo.

"Na mbio je?"

"Mbio nimeziacha, fundi."

Lori lilipokuwa tayari, alimbembeleza Atupele kwa ahadi ya chai kwenye mgahawa ulio ng'ambo ya mlima, wakaupanda mlima ule ule na shehena ya mbao. Injini ilinguruma kwa sauti nzito, ikavuta bila kusita. Atupele alifumba macho, ameng'ang'ania mlango.

"Inapanda?"

"Inapanda, mke wangu. Tumefika juu."

Atupele alicheka, akaegemea kiti. Walipoukaribia mgahawa wa chai, Lusajo alimtazama. Alikuwa amelala fofofo, mikono imelegea mapajani. Lusajo aliupita mgahawa polepole, akaendelea kuendesha.