Vyombo vya Bertila

Masolwa aliinua kapu, akalitikisa karibu na sikio. Kimya. Mzee akatabasamu. Sahani zikipangwa kwa ubavu ndani ya pumba za mpunga hazigongani, hata ukizibeba mpaka Ujiji. Ujanani alibeba mizigo ya misafara njia hiyo hiyo, na hakuna tajiri aliyewahi kumlaumu kwa kikombe kilichovunjika.

Leo hakuwa na tajiri. Vyombo vilikuwa vya binti yake, Bertila, na nyumba ilikuwa ya mkwewe Silasi, karani, pale Cheyo mjini Tabora. Bertila alikuwa amekwenda kwao Sikonge kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Sasa mtoto anakaa, anaota meno, na baba yake hajaja kuwachukua. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona, na Bertila alikuwa hapati usingizi kwa aibu. Ndiyo maana Silasi alipoleta salamu kwamba amehamishiwa Mwanza na anaomba msaada wa kufunga vyombo, mzee hakungoja kuitwa mara mbili.

"Nikipata nyumba huko, baba, nitamfuata mwenyewe," Silasi alimwambia. "Ila usimwambie kitu bado. Nataka nimshtukize."

Masolwa hakuuliza. Mkwe hahojiwi, ukimhoji umeuvunjia ukwe heshima. Akajaza nyasi kavu ndani ya vyungu, akakivisha soksi kioo cha taa. Chini ya kitanda alikuta khanga mbili mpya, akazizungushia birika la chai. Moyo ukamtulia. Kumbe kijana amemkumbuka mkewe! Akajilaumu kwa mabaya yote aliyokuwa akimwazia tangu masika.

Stesheni, mizigo mikubwa ilipokwisha kupakiwa, Silasi alimzuia kwa adabu.

"Basi, baba, hapa panatosha. Umechoka. Nipe hilo kapu, wewe urudi."

"Aa, mwanangu. Hizi sahani Bertila alizinunua kwa asali niliyorina mwenyewe. Siziachi mpaka nione zimekaa."

Silasi aligeuka. Akatangulia kupanda behewa. Mzee akamfuata akihema, kapu kichwani, akijipenyeza katikati ya abiria.

Dirishani alikaa msichana mwenye hina mikononi. Alipowaona akainuka haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole kwa kazi. Mume wangu amenisimulia habari zako." Akamshika Silasi bega, naye Silasi alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu vyake. "Anasema Tabora nzima hana mpagazi mwingine anayemwamini. Hilo kapu la sahani zangu niwekee hapa, miguuni."